Kutoka kopo mpaka kikombe: siku gani mtoto anaweza kukunywa maziwa ya ng'ombe?

Saa kumi na mbili ya asubuhi, kwenye milima ya juu ya Kalehe, ukungu ungali chini na baridi inauma. Wanamemba wanateremka mmoja mmoja na bidoni zao mpaka mahali koperative inapokusanyia maziwa. Kila mtu anamimina, anayepima anaandika kwenye kaye, mtu anapewa karatasi yake na kurudi shambani.

Asubuhi hiyo sisi wa gazeti hili tulikuwa pale. Katika mstari alikuwa koko mmoja mwenye kuleta litre tano, na mjukuu wake mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi kumi. Mkononi alishika biberon, na ndani ya biberon mlikuwa kitu cheupe kidogo tu, kama maji ya kusafishia sahani ya ugali. Kijana anayepima maziwa akauliza kwa heshima: "Koko, hii ya mutoto ni maji ao ni maziwa?"

Akajibu: "Ni maziwa ya kopo, mwana wangu. Ila nimeyalegeza, juu kopo isiishe mbio."

Tulikaa naye kwenye ubao, akatueleza. Mama ya mtoto alifariki siku ya kuzaa. Baba alienda kutafuta kwenye machimbo, na pesa anayotuma inafika wakati mwingine, wakati mwingine haifike. Majirani na watu wa kanisa walichanga kwa makopo ya kwanza. Kisha mzigo ukabaki kwake. "Kopo moja ni kuku moja," alisema. "Na mutoto akikunywa sawa vile karatasi inasema, kopo haifike ata siku tano. Sasa mimi natia kipimo moja pahali pa vipimo inne. Anakunywa, anamaliza, analia tena."

Litre tano alizoleta zilikuwa zimekwisha kumiminwa kwenye bidoni kubwa. Mtoto wake alikuwa anakunywa maji meupe.

Tulimuuliza kwa nini hampatie mtoto maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Akatutazama kama watu wasiojua kitu. "Bana bangu, pale maternite walinikataza. Walisema: koko, usimupatie maziwa ya ng'ombe, yatamuua."

Na walisema kweli. Siku ile mtoto alikuwa na siku tatu. Lakini katazo lile lina mwanzo na lina mwisho, na mwisho wake hakuna mtu aliyepanda mlima kuja kumwambia. Njo sababu ya makala hii. Katika koperative zetu tunauzisha maziwa kila asubuhi, na katika nyumba zetu kuko watoto wanaokunywa kopo lililolegezwa na maji. Inafaa tujue siku gani mlango unafunguka, na tuufungue namna gani.

Kwanza, tusielewane vibaya

Makala hii haisemi mama aachishe mtoto. Maziwa ya mama hayana mpinzani. Miezi sita ya kwanza, mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji, bila dawa za kienyeji. Kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili na zaidi. Mama anayenyonyesha hana haja ya kopo. Mama mwenye virusi vya Ukimwi anayekunywa dawa zake kila siku naye anaweza kunyonyesha. Azungumze na muganga mbele ya kuacha.

Tunaandika kwa wale ambao njia ile imefungwa: mtoto yatima, mtoto aliyeachwa na bibi yake katika kukimbia vita, mtoto ambaye mama yake aligonjwa sana na maziwa yakakauka. Hao njo wanakunywa maziwa ya kopo, na siku moja watapaswa kuyaacha.

Kwa nini si mbele?

Wengi wanafikiri maziwa ya kopo ni kitu kimoja na maziwa ya ng'ombe ni kitu kingine kabisa. Hapana. Karibu makopo yote ya watoto yanatengenezwa kutoka maziwa ya ng'ombe. Lakini kiwandani wameyabadilisha: wamepunguza protini na chumvi, wamebadilisha mafuta, wameongeza madini ya chuma na vitamini.

Maziwa ya ng'ombe vile yanavyotoka kwenye kiwele yametengenezwa kwa ndama. Ndama anasimama siku ile ile anazaliwa, na anakua mbio sana. Kwa hiyo maziwa yale yako na protini mara tatu hivi kuliko maziwa ya mama. Figo za mtoto mchanga ni ndogo. Kusafisha mzigo ule kunazishinda. Tena maziwa ya ng'ombe yako na madini ya chuma kidogo sana, na kwa mtoto mdogo yanaweza kuchubua matumbo mpaka damu itoke kidogo kidogo, isiyoonekana kwa macho. Mtoto anabaki bila damu ya kutosha: viganja vyeupe, mwili mlegevu, hana hamu ya kucheza.

Kufika mwaka mmoja, mambo yamebadilika. Figo zimekomaa, matumbo yamekuwa na nguvu, na mtoto anakula chakula kinachomletea chuma. Kwa hiyo, kwa maneno mafupi:

– Chini ya miezi sita: maziwa ya ng'ombe hapana. Kama hakuna maziwa ya mama wala kopo, usijaribu kitu nyumbani. Nenda na mtoto kwenye kituo cha afya siku ile ile.

– Miezi sita mpaka kumi na mbili: maziwa ya kopo yaliyochanganywa sawasawa ni mazuri zaidi, juu yameongezwa chuma. Lakini kama kopo halipatikane, shirika la afya duniani, OMS, lilisema wazi mwaka wa 2023 kwamba mtoto wa umri huo asiyenyonya anaweza kupewa maziwa ya mnyama. Yawe na mafuta yake yote, yawe yamepikwa, na mtoto ale chakula chenye chuma kila siku. Fanya hivyo pamoja na muganga, usifanye peke yako.

– Kuanzia mwaka mmoja: kopo halina lazima tena. Maziwa ya ng'ombe yaliyopikwa yanatosha, pamoja na chakula cha jamaa. OMS inasema pia kwamba yale makopo yanayouzishwa kwa watoto waliopita mwaka mmoja hayana lazima. Usiuze kuku kwa ajili yake.

Kopo lililolegezwa ni njaa

Turudi kwa koko wetu. Siku ile ile tulienda naye kwenye kituo cha afya. Walimpima mtoto kilo, wakamzungushia ule ukanda wa rangi kwenye mkono. Ukanda ulisimama kwenye manjano, maana yake kati ya milimita 115 na 125. Chini ya 115 ni nyekundu, na mtoto angelazimika kuingia katika matibabu ya utapiamlo mkali. Wazee wetu wanaujua ugonjwa ule kwa jina la bwaki.

Mama muganga hakumgombeza. Alichukua biberon, akaiinua mbele ya dirisha, akasema: "Koko, unaona? Mwangaza unapita. Mutoto anajaza tumbo na maji." Kisha akaeleza jambo ambalo tunaomba kila msomaji alishike: kati ya maziwa ya kopo yaliyolegezwa mara nne na maziwa ya ng'ombe yaliyopikwa vizuri, kwa mtoto wa miezi kumi yale ya kulegezwa njo mabaya. Vipimo vya kwenye kopo si mapendekezo. Ukitia unga kidogo, mtoto anakosa nguvu. Ukitia unga mwingi, unamchosha figo.

Kwa sababu koko hangeweza kununua kopo kila wiki, muganga akaamua asingojee miezi miwili iliyobaki. Aanze maziwa ya ng'ombe wake pole pole, apike uji wenye nguvu, na arudi kila wiki kupima. Kama kopo lingekuwa linapatikana, angemwambia angojee mpaka mwaka mmoja. Kwa hiyo usichukue uamuzi wa mtoto huyu kuwa sheria kwa mtoto wako. Kwenda kupima njo kunaonyesha njia.

Kuhamisha pole pole

Mtoto aliyezoea kopo anajua ladha yake. Maziwa ya ng'ombe hayana utamu ule, na tumbo lake linahitaji kuzoea. Chukua wiki moja mpaka mbili. Hivi njo muganga alivyoeleza:

Siku tatu za kwanza: tayarisha kopo vile karatasi inasema, kisha katika kikombe changanya sehemu tatu za kopo na sehemu moja ya maziwa ya ng'ombe yaliyopikwa na kupoa.

Siku tatu zinazofuata: nusu kwa nusu.

Siku tatu nyingine: sehemu moja ya kopo, sehemu tatu za maziwa ya ng'ombe.

Kisha: maziwa ya ng'ombe peke yake.

Kama choo kimekuwa kigumu ao mtoto anakataa, usisonge mbele. Baki kwenye hatua ile siku mbili tatu zaidi. Kama amegonjwa malaria ao anaharisha, ngojea kwanza apone.

Angalisho moja, juu tumeona watu wakilifanya: usitie unga wa kopo ndani ya maziwa ya ng'ombe mahali pa maji. Mtu anafikiri anaongeza nguvu, kumbe anatengeneza kitu kizito ambacho figo za mtoto haziwezi. Unga uchanganywe na maji safi yaliyochemka, kisha ndipo vyote viwili vikutane katika kikombe.

Tumesema kikombe, hatukusema biberon. Wakati wa kuhamisha maziwa ni wakati mzuri wa kuacha biberon pia. Chupa ile na ule mpira wake ni vigumu kusafisha huku kwetu. Mabaki yanajificha kwenye kona, vidudu vinazaa, mtoto anaharisha. Kikombe wazi kinasafishwa na maji ya moto na sabuni, na ukikiangalia unaona kama kimetakata. Mtoto wa miezi kumi anaweza kukunywa kwenye kikombe ukimshikia. Atamwanga siku za kwanza. Si kitu.

Kiasi gani kwa siku?

Hapa kuko kosa lingine, la upande wa pili. Mfugaji anayejua kwamba maziwa yanaruhusiwa anaweza kufurahi mno na kumjaza mtoto litre moja kwa siku. Mtoto akishiba maziwa hale chakula. Asipokula chakula anakosa chuma, na damu inapungua. Mtoto mnene anayekunywa maziwa tu anaweza kuwa na upungufu wa damu mkubwa.

Kwa mtoto asiyenyonya, kama anakula yai, samaki ao nyama mara kwa mara, mililitre 200 mpaka 400 kwa siku zinatosha. Kama hapati vile vyakula, 300 mpaka 500. Usipite nusu litre. Kwa kupima nyumbani: chupa ya Primus inachukua santilitre 72, kwa hiyo nusu litre ni chupa ile ikijaa kidogo kupita theluthi mbili. Gawa mara mbili ao tatu, na umpatie maziwa nyuma ya chakula, si mbele. Katikati, umpatie maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Mtoto asiyenyonya anapata kiu kama sisi.

Maziwa yanashuka mlima, sambaza zinapanda

Maziwa hayana chuma ya kutosha. Kwa hiyo siku unapoacha kopo, unaacha pia ile chuma kiwanda kilichokuwa kinatia. Lazima irudi kwa njia ya sahani.

Huku kwetu vyakula hivyo viko. Sambaza za ziwa zinafika sokoni Minova; zile kavu unazisaga pamoja na vichwa vyake, unatia kijiko kwenye uji ao kwenye mboga. Ini la kuku ao la ng'ombe, hata kipande kidogo kama kidole gumba, likisagwa linamletea mtoto chuma nyingi. Kuko yai. Kuko maharagi yaliyoiva sana, yaliyopondwa na kutolewa maganda. Kuko soya iliyokaangwa na kusagwa pamoja na mahindi na mtama. Kuko lenga lenga. Ongeza tunda lenye uchachu kidogo, maracuja ao chungwa ao tomati, juu vitamini ya ndani yake inasaidia mwili kushika chuma ya maharagi na mboga. Usimpe chai pamoja na chakula. Chai inazuia chuma ile isiingie mwilini.

Koko wetu alicheka aliposikia habari ya sambaza. "Kumbe nauzisha maziwa ninunue sambaza za wakubwa, na mutoto anabaki na maji!" Sasa kila siku ya soko anatenga kopo ndogo moja ya sambaza kavu, haziguswe na mtu mwingine.

Maziwa yapikwe, bila mabishano

Katika vijiji vyetu kuko wazee wanaosema maziwa mabichi njo maziwa, na kwamba kuyapika kunaondoa nguvu. Wengine wanaogopa ng'ombe atakauka. Tunawaheshimu wazee, lakini hapa tunasema hapana.

Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa ule unaotoa mimba za ng'ombe na kwa mtu unaleta homa inayokwenda na kurudi, na maumivu ya viungo. Yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Yanaweza kubeba vidudu vya samadi vinavyoleta kuharisha. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa. Kupika kunapunguza vitamini kidogo. Protini, mafuta na ile madini ya mifupa vinabaki. Na kiwele cha ng'ombe hakijui ulifanya nini na sufuria jikoni.

Namna ya kupika:

Chuja maziwa kwa kitambaa safi kilichochemshwa. Tia katika sufuria safi. Koroga, ngojea mpaka yapande na kutoa mapovu makubwa. Ondoa motoni. Funika. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ili yapoe mbio. Usiingize tena kijiko ulichotumia kwenye maziwa mabichi, wala usirudishe maziwa kwenye bidoni yaliyotoka mabichi. Hapo umeharibu kazi yote.

Sisi wa milimani hatuna frigo. Kwa hiyo pika kiasi kidogo, kile mtoto atakachokunywa. Kama yamekaa saa nyingi, yapike tena mbele ya kumpa. Maziwa yaliyobaki kwenye kikombe cha mtoto, mtu mkubwa ayanywe papo hapo ao yamwangwe.

Kazi inayotuhusu sote: bidoni, maji na dawa

Mpaka hapa tumezungumza na mzazi. Sasa tunazungumza na memba anayeleta maziwa. Maziwa yako hayaendi kwenye fromaji peke yake. Yanashuka mpaka Minova, Goma na Bukavu, na huko pia kuko koko mwenye mjukuu.

Maji. Wote tunajua kuko watu wanaoongeza maji asubuhi. Laktodensimetre inawakamata mara nyingi: maziwa mazima yanasimama karibu na 1,030, na maji yakiingia yanashuka. Tunapozungumza habari hii katika mikutano tunasema ni wizi wa pesa ya koperative. Ni zaidi ya vile. Tumetoka kueleza habari ya mtoto aliyekonda kwa kukunywa maziwa yaliyolegezwa. Mwenye kulegeza maziwa kwenye bidoni anafanya jambo lile lile kwa mtoto asiyemjua, tena kwa maji ya mto yasiyochemshwa.

Dawa. Ng'ombe akichomwa antibiotiki, sindano ile inatoka pia katika maziwa. Uliza veterineri siku ngapi za kungojea, ao soma kwenye karatasi ya dawa, na siku zile zote maziwa yasiende koperative wala kwenye kikombe cha mtoto. Kupika hakuondoi dawa. Vile vile maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba, yenye mabonge ao damu, yamwangwe.

Vyombo. Ile bidoni ya manjano ya mafuta, yenye mdomo mdogo, mkono hauingii. Huwezi kuisugua ndani. Bidoni ya aluminiyum yenye mdomo mpana ni ghali, lakini koperative ikinunua pamoja na kukata kidogo kidogo kwenye malipo, inawezekana. Osha kiwele na mikono mbele ya kukamua, na vidonge vya kwanza uvimwange.

Litre ya mtoto

Baada ya safari ile ya kituo cha afya, tulikaa na kamati. Tulifanya hesabu pamoja kwenye ubao. Memba anayeleta litre tano kila siku, akiondoa nusu litre kwa mtoto, anabaki na litre ine na nusu. Ni sehemu moja katika kumi. Baba mmoja alisimama akasema kwa ukali: "Ile nusu litre njo chumvi na sabuni ya nyumba." Hakudanganya. Hatukuwa na jibu la kumfunga mdomo.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema: "Na siku mutoto akilazwa, unauzisha nini? Si ng'ombe mwenyewe?" Kimya kikaingia.

Walichokubaliana siku ile ni jambo dogo. Memba mwenye mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili nyumbani anaandikwa kwenye kaye, na nusu litre ile inabaki kwake bila kuhesabiwa kama amepunguza mchango wake. Kwa yatima ambaye jamaa yake haina ng'ombe, kila memba anayetaka anamwaga kikombe kimoja katika bidoni ndogo pembeni, kwa zamu. RECO wa kijiji anajua nyumba zile. Hakuna mtu anayelazimishwa.

Hatusemi kila koperative ifanye hivyo. Tunasema hesabu ile ifanywe mbele ya watu wote, ubaoni, mara moja.

Maulizo tuliyopokea

*Maziwa ya mbuzi je?* Yanaweza, kwa umri ule ule na kupikwa namna ile ile. Yako na upungufu wa vitamini moja inayosaidia kutengeneza damu, kwa hiyo maharagi, ini na mboga za majani zisikosekane.

*Mashanza?* Kama maziwa yalipikwa kwanza, kisha yakagandishwa katika chombo safi, ni mazuri kwa mtoto wa mwaka mmoja, na tumbo linayapokea vizuri. Kama yaligandishwa mabichi, hapana. Uchachu hauui brusela.

*Maji yanayobaki nyuma ya kutengeneza fromaji?* Si maziwa. Wapatie nguruwe. Na maziwa yaliyotolewa mafuta hayamfai mtoto chini ya miaka miwili. Mafuta yale njo nguvu yake.

*Unga wa maziwa wa sokoni?* Ule wa maziwa mazima unaweza kumsaidia mtoto aliyepita mwaka mmoja, ukichanganywa na maji yaliyochemka kwa vipimo vya karatasi. Soma vizuri. Kuko unga wa kutia kwenye kahawa ambao si maziwa, na kuko maziwa mazito ya kopo yenye sukari nyingi. Vyote viwili si vya mtoto.

*Chai ya maziwa?* Hapana. Maziwa kidogo, sukari, na majani yanayozuia chuma.

Usingojee kesho

Kimbia kwenye kituo cha afya kama, baada ya kuanza maziwa ya ng'ombe, mtoto amevimba midomo ao uso, ametoka vipele mwili mzima, anapumua kwa shida, anatapika kila mara, ao kuna damu kwenye choo. Acha maziwa mpaka muganga aseme. Nenda pia kama viganja vimekuwa vyeupe, kama miguu imevimba, ao kama kilo zimesimama pahali pamoja mara mbili mfululizo kwenye fishi ya CPS. Kupima watoto si kwa wagonjwa peke yao. Ni pale tu unaweza kujua kama kikombe kinafanya kazi.

Tulirudi Kalehe baada ya majuma saba. Koko alikuwa kwenye mstari kama kawaida, na bidoni yake haikujaa mpaka juu. Mtoto hakuwa tena mgongoni. Alikuwa chini, ameshika pindo ya kikwembe, anajaribu kusimama. Ukanda wa mkono ulikuwa umeingia kwenye kijani, kidogo tu, milimita mbili. Muganga amesema aendelee kuja.

Tulimuuliza koko kama ana neno kwa wasomaji. Alifikiri. "Waambie wale wa maternite," akasema, "wakinikataza kitu, wanipatie na tarehe."

Kwenye mkutano wenu ujao, ulizaneni: ni watoto wangapi katika nyumba zetu wanakunywa kopo leo, na nani kati yetu anajua tarehe yao?